Joto Bila Kasi

"Anakata kushoto, Sindano! Kushoto!"

Sindano alikuwa ameshamwona kabla sauti ya Mkuu haijaisha sikioni.

Mtu mwenye begi jekundu aliruka meza ya kava za simu, akajipenyeza katikati ya wateja na kuingia kwenye ujia wa maduka ya kompyuta. Spika za duka moja zilikuwa zinapiga muziki kwa nguvu zote. Mama mmoja alipiga kelele. Jua la mchana liliwaka juu ya mabati.

Sindano akairuka meza ileile.

Akakanyaga kava, akateleza, goti likagonga saruji.

Alitukana kimoyomoyo, akainuka, akaendelea.

Mwisho wa ujia, mwenye ghala alikuwa anashusha geti la chuma. Mtu yule alijitupa chini na kujisukuma upande wa pili. Sindano naye akajitupa. Mkono wake ukanasa kisigino.

Teke likampata kidevuni.

Fahamu zilipomkaa sawa, mkononi alikuwa na kiatu. Kiatu tu. Raba ya Adidas, ya mguu wa kushoto. Mwenyewe alikuwa ameshatokomea. Lakini begi lilikuwa limebanwa na geti, mkanda umekatika.

Akabonyeza kifaa cha sikioni.

"Mkuu, nimempoteza. Begi ninalo."

"Lina nini?"

Sindano alivuta zipu. Kwa miezi mingi alikuwa amemfuata mtu huyu bandarini na maghalani. Kuna siku alishinda amejikunyata ndani ya lori la saruji mpaka nywele zikawa za kijivu. Alitarajia baruti. Alitarajia silaha, au angalau mitambo ya kunasa simu.

Ndani mlikuwa na boksi jeusi lenye herufi za dhahabu. *Volkan Z9. Chipseti mpya. Kwa wasioogopa kasi.*

"Mazabodi," alisema.

"Nini?"

"Mazabodi, Mkuu. Ile bodi kubwa ya kompyuta inayochomekwa prosesa."

"Sindano. Umemwaga bidhaa za watu soko zima kwa ajili ya mazabodi?"

Sindano lilikuwa jina la kazi. Idara ya ujasusi ilimpa kwa sababu alikuwa anaingia mahali padogo na kutoka bila kuacha alama. Siku hiyo alikuwa ameacha alama tangu lango la soko hadi ghalani, na ya mwisho ilikuwa inavimba kwenye kidevu chake.

*

Asubuhi ya Jumamosi, ofisini, Mkuu alikuwa amekunja mikono ya shati. Hiyo haikuwa dalili njema.

Fundi wa maabara alikuwa ameiweka ile bodi mezani. Kando yake kulikuwa na karatasi yenye ujumbe walioudaka wiki ile kutoka kwa majasusi wa nje. Sindano alikuwa anaujua kwa moyo.

*Wapishi wote wapewe mawe. Jumamosi, jiko kuu likifika juu kabisa, tunazima taa.*

"Mawe ni hizi bodi," alisema Sindano. "Wapishi ni watu wanaozitumia."

"Wazidisha kasi," Fundi alimweleza Mkuu. "Wapo watu hawaridhiki na kasi ambayo prosesa imetoka nayo kiwandani. Wanaisukuma ipite hapo. Ikipata moto wanaipoza kwa maji, kwa barafu, hata kwa naitrojeni iliyopozwa mpaka ikawa kama maji. Halafu wanashindana nani kafika juu zaidi."

"Wanapata nini?" aliuliza Mkuu.

"Furaha."

"Nawajua," alisema Sindano. "Niliolewa na mmoja wao."

Mkuu alijifanya hakusikia. "Bodi ina nini ndani?"

"Haina kitu," alijibu Fundi. "Nimeipiga eksirei. Nimeiwasha, nimeiacha ikakesha. Haitumi wala haipokei. Bodi ni safi."

"Basi." Mkuu alisukuma kiti nyuma. "Huyo mtu wako ndiye anayeziingiza, na ni wakala halali wa Volkan. Leo mchana anazindua mashindano katika ukumbi wa mikutano, na mgeni rasmi ni Waziri. Nimepigiwa simu na wizara mara mbili kabla sijanywa chai. Faili linafungwa."

"Mkuu, mtu hakimbii vile kama amebeba kitu safi."

"Labda anakwepa ushuru."

"Ushuru wa kitu anachokigawa bure? Wakala haziuzi. Anawapa watu aliowachagua yeye."

"Sindano."

"Ujumbe unasema wanazima taa! Leo ndiyo Jumamosi!"

"Nenda nyumbani ukaweke barafu kwenye hicho kidevu," alisema Mkuu. "Hiyo ni amri."

Alishuka ngazi akipiga kila kidato kwa kisigino. Kwenye gari aliushika usukani wa Toyota yake, akakaa bila kuwasha injini. Miezi yote ile ilikuwa imekwenda na maji. Wale jamaa walikuwa wanajua wanachokifanya, na ofisi nzima ilikuwa inamwona yeye ndiye mwenye wazimu.

Maabara ilikuwa imemwambia bodi haina kitu. Hakuna aliyejiuliza kama bodi yenyewe ina faida.

Na mtu wa kumjibu swali hilo alikuwa mmoja tu. Alikuwa amejiapiza kutomtafuta tena.

*

Mlango ulifunguliwa na mama mkwe wake. Talaka haikuwahi kuingia kichwani mwa mama huyu.

"Mkwe wangu! Nani kakupiga?"

"Nimeanguka, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umeanguka na kidevu? Pita, pita. Mwenzio yuko kule na mitambo yake. Tangu wiki iliyopita haongei na mtu, kazi kusonya tu."

Barafu, mtalaka wake, alikuwa ameinama juu ya meza ya chumba cha nyuma. Hilo jina alipewa na wenzake kwenye ushindani, na Sindano aliliona linamfaa, kwani miaka yao ya ndoa yeye mke alilala amevaa koti, chumba kikipozwa ili prosesa ya bwana isipate joto. Siku za kazi alikuwa mwongozaji wa mitambo katika kituo cha kudhibiti umeme wa taifa. Siku za mapumziko alikuwa hivi. Singlendi, macho mekundu, waya kila mahali.

Juu ya meza kulikuwa na Volkan Z9.

"Kama umekuja kwa ajili ya lile friji, nimeshaliuza," alisema bila kugeuka.

"Nimekuja kukuuliza kuhusu hiyo bodi. Inafaa?"

Aligeuka. Hakuwa amewahi kuulizwa swali kama hilo na mwanamke huyu.

"Unaumwa?"

"Jibu, bwana wee. Mtu mwenye bodi ya zamani, anayependa kuzidisha kasi. Ahamie kwenye hii?"

Barafu alivuta pumzi kama mtu aliyengoja kuulizwa kwa muda mrefu.

"Asithubutu! Nimehangaika nayo mpaka nimeichukia. Nimebadilisha feni, nimeweka maji, nimeweka barafu. Kila nikiisukuma, kasi inapanda kidogo, halafu inagoma. Bodi yangu ya zamani inafika karibu palepale na haitoki jasho. Hii inachemka kama tanuri! Halafu mtandaoni watu wanaisifu utadhani imeteremshwa kutoka mbinguni. Sisi tunaojuana tukiandika malalamiko, yanafutwa."

"Nani anayafuta?"

"Sijui. Wakala mwenyewe nimempigia. Kaniambia niwe na subira, niendelee kuisukuma. 'Isukume tu, ndugu yangu, ipite kiwango, ipite.' Kaning'ang'ania hivyo."

Sindano alivuta kiti.

"Ukiiacha kwenye kasi ya kiwandani?"

"Inatulia kabisa. Haina joto."

"Ukivuka?"

"Nishakwambia. Moto."

"Na kasi haiongezeki."

"Haiongezeki, ndiyo maana na..."

Aliishia hapo. Waliangaliana. Barafu alikuwa na kasoro nyingi, lakini ujinga haukuwa mojawapo.

"Joto ni kazi," alisema polepole. "Kama inachemka, inafanya kazi. Kama kazi hiyo si ya kwangu..."

"Inafanya ya nani?"

Barafu aliigeukia mashine na kuisukuma ipite kiwango. Feni zikaanza kulia. Akaitazama bodi kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Pembeni, taa ndogo ya flashi iliyochomekwa ikaanza kumetameta kwa haraka.

"Hiyo flashi ina nini?"

"Grafu za majaribio. Programu yao inazihifadhi humo." Aliinua mikono kutoka kwenye kibodi. "Sijaiambia iandike chochote sasa hivi."

"Grafu unaziangalia wapi?"

Barafu alishusha macho kwenye flashi.

"Barafu. Unaziangalia wapi?"

"Kazini," alisema. "Wakati wa chakula. Kule skrini ni kubwa."

"Umechomeka flashi hii kwenye kompyuta ya kituo cha umeme?"

"Imepimwa virusi! Kazini walisema safi!"

Hata maabara ya Idara ilisema safi. Maabara iliiwasha kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu ofisini anayeisukuma prosesa mpaka iungue. Kilichojificha ndani ya chipseti, zile chipu zinazoiendesha bodi, kilikuwa kinalala mpaka mtu avuke kiwango. Kikiamka, kinajipakia kwenye flashi.

"Nani wengine walipewa hizi bodi?"

Barafu alianza kutaja. Kijana wa mnara wa kuongoza ndege. Dada mmoja wa mitambo ya maji. Jamaa wa kebo za mtandao. Mwingine wa hospitali kuu. Kila alipotaja mmoja sauti yake ilizidi kushuka, mpaka ikafa kabisa.

Sindano alikuwa ameshapiga simu.

"Mkuu, bodi inaamka ikizidishwa kasi. Mwambie Fundi aisukume. Wapigie umeme, maji na uwanja wa ndege, wakate kila kompyuta kwenye mtandao."

"Nani kakwambia?"

"Mtalaka wangu."

"Unataka nisimamishe ndege kwa maneno ya mtalaka wako?"

"Mkuu, nakuomba..."

"Faili limefungwa, Sindano." Simu ikakatwa.

Barafu naye alikuwa anaongea na msimamizi wake kazini, jasho linamtiririka. Alisikiliza, akaishusha simu.

"Kaniambia nimekunywa."

Sindano alisimama. Hakuwa na hasira tena, au labda zilikuwa zimepita kiwango.

"Jiko kuu ni nini?" aliuliza. "Ujumbe unasema jiko kuu likifika juu kabisa."

"Mashine ya maonyesho," alisema Barafu. "Jukwaani. Wakala anataka kuvunja rekodi mbele ya Waziri. Itakuwa imeunganishwa mtandaoni, watu waangalie kokote waliko."

"Ikifika juu, inatoa amri."

"Na zile zilizolala kwenye kompyuta zetu zinaitii."

Alipokuwa anatoka mbio, mama mkwe alimfuata hadi mlangoni. "Hata maji hujanywa, mwanangu!"

*

Kwenye mlango wa ukumbi kulikuwa na mashine ya kukagua chuma. Bastola yake, Glock, ilibidi ibaki chini ya kiti cha gari. Sindano aliingia kwa beji ya mshindani ya Barafu, ambaye alibaki nyumbani kufuatilia matangazo, kidole gumba kikiwa kimefunika picha.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Washindani walikuwa wameinama kwenye meza zao, mvuke mweupe wa naitrojeni ukitambaa sakafuni. Waziri alikaa mstari wa mbele, anapiga makofi bila kujua kwa nini. Jukwaani, ndani ya kasha la kioo kinene, mashine ya maonyesho ilikuwa inanguruma. Juu ya kasha kulikuwa na tundu moja tu, na chini yake kikombe cha shaba kilichokalia prosesa. Msaidizi alikuwa anamimina naitrojeni humo taratibu.

Kwenye skrini kubwa, mstari mwekundu ulikuwa unapanda.

Wakala alikuwa amevaa suti ya kijivu na tabasamu la mtu asiyedaiwa. "Ndugu zangu," alisema kwenye maikrofoni, "leo mtaona kasi ambayo haijawahi kuonekana!"

Sindano alitia mkono mfukoni. Fundi aliwahi kumpa kizuia mawimbi, kidude kidogo kama kiberiti, kinachoua mawasiliano yote ukumbini. Akakibonyeza.

Simu za watu zikafa. Kifaa cha sikioni kikafa.

Mashine ikaendelea.

Ilikuwa imeunganishwa kwa kebo.

"Shenzi," alisema Sindano, safari hii kwa sauti. Akakizima kidude. Simu ikarudi, akampigia Barafu kupitia kifaa cha sikioni.

"Barafu, nichomoe umeme?"

"Haisaidii! Naiona hapa kwenye matangazo. Ile ya chini ni betri ya akiba."

"Nikate kebo?"

"Inapita chini ya jukwaa, utaifikiaje? Halafu imebaki kidogo mno!"

Mstari mwekundu ulipanda. Taa za ukumbi zilizimika.

Watu wakaguna. Taa zikarudi.

"Imeanza kujaribu," Barafu alinong'ona. "Sikiliza. Usihangaike kuizima. Ipashe moto! Hiyo kasi inashikiliwa na baridi tu. Ikipata joto inajishusha yenyewe, na kile kitu kinalala."

Sindano alikuwa ameshaanza kukimbia.

Baunsa mmoja alimkinga chini ya ngazi za jukwaa. Alikuwa mpana kama kabati. Sindano alimpiga teke la ugoko, akapita chini ya kwapa lake, goti bovu likamlaani kwa kila hatua. Mwingine alimdaka koti. Akavua koti.

Kwenye meza ya mtangazaji kulikuwa na chupa ya chai. Kubwa, ya chuma, aina ya Stanley, kifuniko kinatoa moshi. Aliinyakua.

"Mzuieni huyo!" Wakala alipiga kelele. Tabasamu halikuwepo tena.

Sindano alimpiga kikumbo yule msaidizi, akafungua kifuniko, akamimina chai yote kwenye tundu.

Kukatokea mlio kama wa risasi. Mvuke ukaruka hadi dari. Waziri akajitupa chini ya kiti. Kwenye skrini mstari mwekundu ulisimama, ukatetemeka, halafu ukaporomoka hadi chini kabisa. Ndani ya kasha bodi ilitoa cheche, kisha harufu ya plastiki iliyoungua.

"Imelala?" aliuliza kwenye simu.

"Imekufa," alisema Barafu. "Mungu wangu. Umeiua kwa chai."

Wakala alikuwa anatoweka nyuma ya pazia.

Sindano aliokota debe dogo la naitrojeni na kumfuata, akichechemea. Kwenye korido ya mizigo, Wakala aligeuka. Mkononi alikuwa na bastola, Walther PPK.

"Wewe ni nani?" alisema. "Miezi yote hii unanifuata kama kupe. Ungeachia tu! Hata wakubwa wako walishaachia!"

"Najua," alisema Sindano. "Hilo ndilo linaloniudhi."

Akamrushia naitrojeni. Wakala aliuinua mkono kujikinga uso, akapiga yowe, na bastola ikaanguka. Sindano aliipiga teke hadi ukutani, akamgeuza, akamlaza kifudifudi, akamfunga mikono kwa mkanda wake mwenyewe.

Polisi walifika wakati huohuo.

Wakamtia pingu Sindano.

"Mimi ni ofisa wa Idara!"

"Dada, umemwaga chai jukwaani mbele ya Waziri," alisema sajini. "Tulia."

Alitulia. Alikaa juu ya kreti, pingu mikononi, Wakala akigugumia sakafuni, huku sajini akitafuta mtu wa kumpigia. Ilichukua muda. Mwishowe simu ya sajini iliita, akasikiliza, mgongo ukamnyooka. Akamfungua pingu, akamwekea simu sikioni kwa mikono miwili.

"Sindano." Sauti ya Mkuu ilikuwa chini. "Fundi ameisukuma ile bodi. Imeamka. Tumekata kompyuta za umeme, maji, uwanja wa ndege, kote. Kila mahali tumeikuta."

"Nilikwambia."

"Uliniambia." Alikohoa. "Waziri anasema alikuwa na mashaka na huyo mtu tangu mwanzo."

Sindano alifumba macho.

"Utaandika ripoti?" aliuliza Mkuu.

"Faili si limefungwa?"

Akamrudishia sajini simu yake.

Nje, simu yake ilitetemeka mfukoni. Barafu.

"Nimewaeleza kazini kila kitu," alisema. "Kuhusu flashi. Wamenisimamisha."

"Ulitegemea wakupe nishani?"

"Hapana. Nimeitoa ile takataka. Nimerudisha bodi yangu ya zamani. Inaimba. Halafu, Mama anauliza utakuja kula?"

Sindano alitazama goti lililochubuka, shati lililolowa chai.

"Mwambie niko kazini," alisema, ingawa sauti yake haikuwa kali.

Alishika barabara kwa miguu, kwani Toyota ilikuwa imezingirwa na magari ya polisi. Jua lilikuwa bado kali. Kwenye saluni mashine za kukaushia nywele zilikuwa zinaunguruma, na mtu mmoja alikuwa anaosha gari kwa mpira, maji yakimwagika hadi barabarani. Ndege ilipita juu ikishuka taratibu kuelekea uwanjani. Kwenye njia panda umati ulisimama, kila mtu akitazama simu yake, kila mtu amechoka kusubiri.

"Hizi taa nazo zinachelewa sana," alilalamika bwana mmoja kando yake.

Taa ikawa ya kijani.

Sindano akavuka pamoja nao.